Muulize Shangazi wa Dansi

Wasomaji wangu, barua za safari hii karibu zote zinataka nitaje albamu. Albamu bora ya fulani, albamu ya nani imemfunika nani, albamu za kumwachia mtoto. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani wa Magomeni, mpenzi wa dansi tangu sijaruhusiwa kutoka usiku, na nimewashonea sare wanamuziki ambao wengine hawajamaliza kunilipa hadi leo. Chombo sipigi hata kimoja. Ninachokijua nimekipata ukumbini, nikiwa nimesimama upande wa gita la pili, na kwenye redio. Wanaotaka niwape wanamuziki maksi kama mwalimu watanisamehe.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Kimara. Nilipanda daladala dereva anapiga Sikinde, tangu siku hiyo nimenasa. Nikitafuta kwenye simu naona majalada chungu nzima, nyimbo ni zilezile zimepangwa ovyo na mwaka haueleweki. Nitajie albamu yao bora nianze nayo.
*Kijana wa Kimara*

Marahaba, mwanangu. Albamu unayoitafuta haikuwahi kutengenezwa, ndiyo maana huioni.

Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde yako, ilianza mwaka 1978. Katika miaka yake mitamu, redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ikitunga wimbo iliupiga kwanza ukumbini, wiki hii na wiki ijayo, huku wenyewe wakiangalia watu wanainuka au wanaendelea na bia zao. Wimbo ukikomaa ndipo unapelekwa studio ya redio, Barabara ya Pugu, ambayo ninyi mnaiita Barabara ya Nyerere. Wanaingia bendi nzima, waimbaji, magita, tumba na wapuliza tarumbeta, mkanda unawashwa, wanapiga. Sasa fikiria uko dakika ya saba, mpuliza saksafoni anateleza. Mnaanza upya.

Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho. Sahani zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, hata njia hiyo ikawa ya kubahatisha. Kwa hiyo wimbo ulikwenda redioni, ukapigwa kwenye Misakato na Klabu Raha Leo Show, ukaishia hapo. Ukiutaka nyumbani, unatega kaseti kwenye redio yako na kumwomba Mungu mtangazaji anyamaze. Hanyamazi. Nina kaseti ya "Neema", ule wa Cosmas Chidumule, ambayo mpaka leo gita la mwanzo linapigwa huku mtu anasoma saa. Wenye haraka walikwenda Kariakoo na kaseti tupu na orodha ya nyimbo kwenye karatasi, kijana wa kibandani akawarekodia kwa bei ya soda mbili tatu. Mwanamuziki hakupata kitu. Hata sheria ya hakimiliki yenye COSOTA ndani yake, chombo cha kusimamia haki za wasanii, imekuja mwaka 1999.

Hayo majalada unayoyaona ni mikusanyo. Watu walikuja baadaye, wengine kutoka Ulaya na Marekani, wakachukua nyimbo za redio wakazipanga walivyoona inafaa. Nawashukuru, maana bila wao ungesikia nini? Lakini usiyahukumu mapangilio yale kana kwamba bendi ilikaa chini ikasema wimbo huu utangulie, huu ufunge. Ya Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gita wa Morogoro, ni hayohayo. Zile santuri za Ukumbusho zimekusanywa baada ya yeye kufa kwa ajali ya gari Mombasa, mwaka 1979, na watu wanabishana eti ipi "imepangwa vizuri". Marehemu hakupanga hata moja.

Basi sikiliza wimbo mmoja mmoja, na kila mara tafuta ulio mrefu. Dansi letu huanza taratibu, kisa kinasimuliwa, halafu linafika mahali magita yanashika usukani na waimbaji wanabaki na kiitikio. Kwenye santuri ndogo wimbo ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma, na wako wapakiaji wanaokuwekea upande mmoja tu. Umesikia mwanamke anaachwa, hujasikia watu wakicheza.

Anza na "Nalala kwa Taabu", halafu "Talaka ya Hasira", kisha hiyo "Neema". Mara ya kwanza sikiliza maneno. Mara ya pili yaache maneno, mfuate Joseph Mulenga kwenye gita la solo. Mara ya tatu sikiliza lile gita lililo kati ya solo na rizimu, ambalo halisifiwi na mtu, linarudia kitu kilekile na bila lenyewe wimbo unaanguka. Ukimsikia Hassan Bichuka na sauti yake ya juu anapokezana na Muhiddin Gurumo mwenye sauti nzito ya kiutu uzima, na bendi ni Sikinde, jua ni kabla ya mwaka 1985, maana mwaka huo walivutwa kwenda bendi ya Safari Sound, ile iliyoitwa Ndekule. Jalada likikudanganya mwaka, sauti hazidanganyi.

Shangazi, nilitoa shilingi 50,000 kumwona msanii mkubwa, jina nalihifadhi. Tangazo lilisema saa mbili, akapanda saa saba usiku. Akaimba juu ya CD yake mwenyewe, tena akatuelekezea maiki tuimbe sisi, na sauti yake ikaendelea kutoka kwenye spika! Nimeibiwa au mimi ndiye mshamba?
*Mama Wawili, Tabata*

Umeibiwa, mama. Hiyo ya maiki imenichekesha mpaka nikajichoma sindano.

Ila tutenganishe mambo, kwa sababu watu wanalaumu pleibeki zote kwa fungu moja. Iko ya msanii anayesogeza midomo tu, sauti yote ya studio. Huyo ni wizi, hana utetezi. Iko ya msanii anayeimba kweli kwa mapafu yake, lakini mdundo unatoka kwa DJ. Hiyo mimi naivumilia, maana Bongo Fleva imezaliwa hivyo. Vijana wa miaka ya tisini hawakuwa na magita wala mtu wa kuwapa. Walikuwa na mdundo kwenye kaseti na dakika chache kwenye disko la mtu. Sauti ilikuwa yao. Wakipungukiwa pumzi, tuliisikia ikipungua.

Halafu iko ya tatu, ndiyo inayoniudhi kuliko zote: jukwaa limejaa wapiga vyombo waliovaa vizuri, tena suti zenye mshono safi, na kinachotoka kwenye spika ni CD. Ukitaka kuwanasa, usimwangalie mwimbaji. Mwangalie mpiga dramu. Fimbo yake ikigonga tasa na mlio ukawa umeshapita, umepata jibu. Au msubiri mpiga solo akiwapungia mashabiki kwa mkono wa kushoto. Huwezi kupunga kwa mkono unaobana nyuzi na gita likaendelea kuimba.

Mapromota watakuambia bendi ni ghali, na hawaongopi. Watu kumi wanataka mazoezi, nauli, chakula na malipo, wakati CD haili. Lakini wapo waliotoka kwenye muziki wa studio wakaamua kulipa gharama hiyo. Lady Jaydee alikuwa na jina tayari alipounda Machozi Band, akawa anapiga laivu pale Nyumbani Lounge watu wakiwa wamekaa mita chache kutoka mdomoni kwake. Pale hakuna pa kujificha. Wimbo ulioujua kwenye kaseti alikuwa anaugeuza, anaupunguza kasi, anauanza katikati. Banana Zorro naye na B Band yake. Huyo nadhani ni damu, baba yake ni Zahir Ally Zorro.

Safari ijayo kabla hujatoa 50,000, piga namba iliyo kwenye tangazo, uliza hivi: "Nani anapiga besi?" Wakikutajia mtu, nenda. Wakikuambia "njoo tu mama, utafurahi", nunua samaki.

Kijiweni kwetu Mwananyamala kuna ubishi wa kupigana. Wengine wanasema albamu bora ya Bongo Fleva ni A Boy from Tandale ya Diamond, wengine Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay. Wewe uko wapi?
*Wazee wa Kahawa*

Kwa Profesa Jay, na sababu yangu kubwa ni kaseti.

Ninyi wazee mnakumbuka. Kaseti ina pande mbili. Kuruka wimbo ni kazi, unabonyeza, unasubiri, unapitiliza, unarudi, betri zinakwisha. Msanii alijua utakaa naye upande mzima upende usipende, kwa hiyo alilazimika kufikiri: nimwamshe na nini, nimtulize wapi, nimwache na nini kabla hajageuza. Miaka ile, tuseme mwishoni mwa tisini mpaka kama 2005, ndiyo pekee jiji hili limekuwa na albamu za kweli, zilizokusudiwa kuwa albamu. Kabla yake ni redio na ukumbi. Baada yake ni simu.

Machozi Jasho na Damu ilitoka mwaka 2001. Ina "Ndio Mzee", yule mwanasiasa anayeahidi kila kitu na wananchi wanaitikia, na nilicheka sana niliposikia mwimbaji mwenyewe amekuwa Mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Lakini ukiitoa hiyo, bado kaseti inasimama. Kuna mtu mmoja anaongea nawe kutoka mwanzo mpaka mwisho, hasira yake inapanda na kushuka.

A Boy from Tandale ya 2018 ina nyimbo nzuri, nani atakataa. Kijana wa Tandale ameimba na watu wa mabara mengine na jina la mtaa wake liko juu ya jalada, hilo peke yake lilinifurahisha. Ila nyimbo kadhaa tulikwisha zisikia na kuzicheza harusini mwaka mmoja kabla. Albamu ilipokuja ilikuwa kama kabati la vyombo vizuri: unavutiwa na sahani moja moja, hakuna mtu aliyepika. Simlaumu yeye. Wimbo mmoja mmoja ndio unaolipa sasa hivi, na anayejua biashara hiyo kuliko Diamond sijamwona. Tena mwaka 2013 mzee Gurumo alipostaafu bila hata chombo cha usafiri, aliyempa gari ni huyuhuyu Diamond. Watu wa dansi tulikuwa tumekaa tunasikitika.

Msondo au Sikinde? Jibu neno moja, usizunguke.
*Mkereketwa, Temeke*

Kwa redio, Sikinde. Kwa ukumbi, wapinzani wao Msondo, hasa enzi za mwimbaji TX Moshi William, aliyefariki mwaka 2006. Yale mapambano yao ya sikukuu pale TCC Chang'ombe nilikuwa nakwenda na kanga ya Sikinde na kurudi nimelowa jasho la Msondo. Hayo ni zaidi ya neno moja, unishitaki.

Dada, mimi ni binti naimba kwaya kanisani na napenda dansi. Lakini nikiangalia bendi zetu naona wanaume wanaimba na wanawake wananengua. Tatizo ni nini? Wanawake hatuna sauti?
*Sauti ya Tatu, Ukonga*

Mwanangu, swali lako limenikalisha.

Sauti mnazo. Tazama taarabu: Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, wakati wanaume wengi wa hapa hawajaona santuri. Bi Kidude aliimba mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2013. Khadija Kopa akishika maiki, wanaume wazima wanasimama foleni kwenda kumtunza. Kwa hiyo mtu asikuambie wanawake wa Kiswahili hawajui kuimba mbele za watu.

Dansi lilikuwa na mambo yake. Kwanza ni kazi ya usiku, bendi inamaliza saa nane au tisa, na kwa mwanamke hilo lilikuwa na jina baya mtaani hata kama umekaa na kaka yako. Pili, bendi nyingi zilikuwa za mashirika na jumuiya, mwanamuziki ni mwajiriwa, na kwenye ajira za namna ile wanaume walivutana wenyewe kwa wenyewe. Tatu, na hili silisikii likisemwa: tungo. Mashairi ya dansi yamejaa mwanamke anayelaumiwa. Ameondoka, amedanganya, amesikiliza maneno ya mashoga zake. Mwimbaji wa kike angeingia hapo aimbe nini? Ajilaumu mwenyewe?

Ndiyo maana nampenda Kida Waziri. Alipokuwa akiimba bendi ya Vijana Jazz na Hemed Maneti, tulipata kitu adimu, mwanamke anajibu. Mwanaume anasema lake, mwanamke anasema lake, na wewe msikilizaji unakaa katikati kama shangazi aliyeitwa kusuluhisha. Bendi zote zilikuwa na magita. Hiyo ilikuwa na mazungumzo. Baadaye Luiza Mbutu wa bendi ya Twanga Pepeta alidumu jukwaani akawa kiongozi wa bendi, katikati ya marapa na wanenguaji na kelele zote zile. Na yuko Carola Kinasha, anayeimba huku gita analipiga mwenyewe, hamsubiri mwanaume ampe ufunguo.

Ushauri wangu kwako ni mmoja: jifunze chombo. Sauti ya tatu ya kwaya imekupa sikio, tayari unajua kukaa katikati ya wenzio bila kupotea. Mwimbaji wa kike asiyepiga kitu watamwambia anengue. Anayepiga besi, watamtafuta hata akiwa na homa.

Nimerithi kwa marehemu kaka yangu CD ya Remmy Ongala, Songs for the Poor Man, ya Real World. Mbona Remmy wa humu hafanani na yule niliyemsikia Sinza? Huyu msafi mno.
*Jirani yake Remmy*

Kwa sababu ilirekodiwa Uingereza, kwenye studio ambayo kila gita lilipewa nafasi yake, ikatoka mwaka 1989. Sinza mlimsikia kwenye spika zilizopasuka, katikati ya chupa na vigelegele. Mimi naipenda CD hiyo kwa sababu hiyohiyo inayokuudhi: magita ya bendi yake, Super Matimila, yanasikika yanavyosukana, kitu ambacho ukumbini kilikuwa kinamezwa na besi. Sikiliza "Kifo" humo ndani. Lakini Remmy mwenyewe, yule wa kusimamisha wimbo akaanza kuhutubia, akawasema wenye pesa waliokaa meza ya mbele, huyo hakuingia kwenye CD. Ule wimbo wake wa kuhimiza kondomu, "Mambo kwa Soksi", redio ilikataa kuupiga, na bado jiji zima liliimba. Hiyo ndiyo nguvu ya ukumbi. Itunze CD, usiwaazime watu wa kijiweni.

Mimi na mume wangu hatuelewani kwa ajili ya muziki. Yeye ni Marijani Rajabu asubuhi mpaka jioni. Mimi singeli ndiyo inanipa nguvu za kufua. Anasema singeli ni kelele za wahuni. Tuamulie.
*Wa Mbagala*

Mume wako ana masikio mazuri na mdomo mbaya.

Marijani, Jabali la Muziki, alikuwa msimuliaji. "Zuwena", "Mwanameka": ukizisikiliza unawaona watu, unajua nani kamkosea nani. Alifariki mwaka 1995 na nafasi yake iko wazi. Mtu aliyezoea visa vya namna hiyo, ukimpigia singeli, mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, lazima aseme kelele, kwa sababu anatafuta kisa na kisa kinampita mbio.

Singeli haisikilizwi kwa kukaa. Imetoka Manzese, Tandale na huko kwenu Mbagala, kwenye vigodoro, ngoma za mtaani za usiku kucha. Waliitengeneza kwa kukata vipande vya taarabu na mchiriku na kuviendesha kwa kasi mpaka vikawa kitu kingine. Huo mchiriku nao waliutukana hivyohivyo: vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na maspika mabovu, wakasema ni wavuta bangi. Kisha kundi la mchiriku la Jagwa Music wakatoa albamu Ubelgiji mwaka 2012 na kuzunguka Ulaya, waliotukana wakakaa kimya. Mwaka 2017 studio ya Sisso ya Mburahati ikakusanyiwa albamu yake na lebo ya Kampala, na sasa Wazungu wanaruka kwa mapigo ya Mburahati wakati mume wako amekasirika sebuleni.

Mimi mwenyewe singeli siipigi nyumbani. Cherehani inataka utulivu. Lakini nimesimama kwenye kigodoro, nimemwona MC kijana anatema maneno bila kuvuta pumzi, mkono mmoja umeshika maiki na mwingine unawasogeza watoto wasikanyagwe, na DJ wake anambadilishia mdundo kwa kumwangalia macho tu. Nilichokisema juu ya CD kwa Mama Wawili hakimhusu huyo. Yeye na DJ ndio bendi. Akikosea, tunaona hapohapo.

Hukumu: siku za kufua ni zako, jioni ni za Marijani. Na mpigie nyimbo za Msaga Sumu wa singeli siku moja, labda atasikia kwamba hata kwenye kasi ile mtu anaweza kusimulia.

Shikamoo Shangazi. Baba yangu anatimiza miaka 70. Ujana wake wote ulikuwa dansi. Nataka nimtoe Jumapili moja akasikilize bendi laivu, ila mimi sijawahi kwenda huko, nitaonekana kituko. Nifanyeje?
*Mtoto wa Mwisho, Kigamboni*

Marahaba. Hutaonekana kituko, utaonekana mtoto mwema, na kuna mama watatu watataka kujua kama umeoa.

Piga simu ukumbini siku ileile, usiamini tangazo la wiki iliyopita. Bendi zinahama kumbi bila kumuaga mtu. Waulize wanaanza saa ngapi, kisha mfike mapema zaidi, maana zilipendwa hupigwa mwanzoni, watu wakiwa wachache na sauti za waimbaji bado mbichi. Wakijaa vijana, bendi inahamia kwenye kasi na rapa anaanza kutaja majina ya matajiri waliokuja.

Msimkalishe mzee mbele ya spika. Meza nzuri ni ya ubavuni, mahali anapoweza kuona vidole vya wapiga magita. Mwambie asijivunge kucheza. Dansi la zamani ni hatua ndogo, magoti yake yataliweza. Akiinuka na mama asiyemfahamu, wewe angalia simu yako.

Na wimbo wa kuomba: muulize mapema nyumbani, kwa ujanja, kabla hajashtuka. Uandike kwenye karatasi ndogo pamoja na jina lake na mtaa aliokulia, ukunje ndani ya noti ya 5,000 au 10,000, umpelekee mwimbaji wakati gita linapiga peke yake, sio katikati ya ubeti. Kama ni Vijana Jazz au Maquis na bendi iliyopo ni nyingine, omba tu. Wanamuziki wa jiji hili wamehamahama bendi mpaka wote wanajua nyimbo za wote. Jina la wimbo likikupotea, mwimbie kiitikio sikioni. Akicheka, amekufahamu.